Taya Lisilolala

Niliung'ata Mkono. Niliseme hili mapema, maana watu wa Itumba wamelipamba hadi wapo wanaodai niliukata kidole nikakimeza. Sikumeza kitu. Niliung'ata tu, mara moja, kwa meno yangu mwenyewe ambayo yote bado yapo, isipokuwa lile gego la kushoto lililokuwa limekalia uvimbe.

Uvimbe wenyewe ulianza kama punje ya mtama ndani ya taya la chini. Ukawa kunde, ukawa karanga na ganda lake. Haukuuma, na kitu kisichouma mtu wa umri wangu hukisamehe. Lakini mjukuu wangu Milembe alikuwa anakaribia kuolewa, na mama yake, mwanangu Mwashi, akasema sitasimama kwenye picha za harusi na shavu kama nimeiba kiazi.

"Utaenda kwa Mkono, mama."

"Siendi."

"Mkono ni mashine tu."

"Mashine yenye sauti ya nani?"

 Sauti ya nani Mwashi alijua vizuri, kwa sababu kila siku inamwita akiwa jikoni.

Wakati ule hakukuwa tena na daktari aliyetia vidole vyake katika kinywa cha mtu. Kila kituo cha afya kilikuwa na Mkono wake, umening'inia darini, mweupe, na vidole vyembamba kama miguu ya korongo. Kung'oa, kuchonga, kukata uvimbe, kuunga taya la mtu aliyeanguka na pikipiki, yote ulifanya wenyewe, na ulimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Aliyeufundisha alikuwa Daktari Shilinde. Alipasua watu kwa miaka akiwa amefungwa nyuzi kwenye vidole, mashine ikimwiga, hadi ikaiga na ile tabia yake ya kugonga meza mara mbili kabla ya kuanza. Kisha wakaipa na sauti yake, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakiisikia wanatulia.

Huyo Shilinde ndiye mume wa Mwashi. Mkwe wangu.

Na kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anachepuka, na mwanamke anavuta khanga hadi puani. Hamli pamoja. Kinywa ndiyo kabisa: mama mkwe hakifungui mbele ya mkwe hata kwa mwayo. Tena mkwe wa mmoja ni mkwe wa kitongoji kizima, kwa hiyo tangu Shilinde aoe, wanawake wote wa Itumba walikuwa wakipiga miayo ndani ya khanga. Njia ya kulimaliza ipo. Mkwe analeta mbuzi mweusi asiye na doa, anasimama mlangoni, anapiga hodi. Mama mkwe akiitikia karibu, khanga inashuka, na kuanzia siku hiyo mnakula sahani moja. Tunamwita mbuzi wa kinywa.

Shilinde hakuwahi kumleta. Si kwa ubahili. Alikuwa daima safarini, au amefungwa zile nyuzi, na mimi sikumwuliza kwa sababu haiulizwi. Na niseme ukweli, nilifurahia kuogopwa na mtu mwenye shahada tatu.

*

"Shikamoo, mama," Mkono ukasema nilipolala kwenye kiti. "Karibu. Fungua kinywa tafadhali."

Nikajifunika khanga kichwa kizima.

"Mama!" Mwashi akasema.

"Mwambie mumeo ageuke."

"Hiyo haina uso, mama."

"Basi ageuze alichonacho."

Mkono, ambao Kiswahili ulikijua vizuri, ukageuza taa yake ukutani. Nikashusha khanga mpaka kidevuni, nikafumba macho, nikafungua kinywa. Heshima ikabaki, angalau nusu.

Usishangae kwamba ulifanya kazi na taa ukutani. Mkono haukuhitaji kuona. Ulikuwa na Ramani. Miaka ya nyuma vijana wa Shilinde walizunguka nchi nzima na kofia za kupimia. Unavalishwa, unafungua kinywa, kofia inachukua taya lako ndani na nje. Mataya yote yakatiwa katika chungu kimoja, yakapikwa, likatoka moja: Taya la Wastani. Mkono ulijua mshipa wa fahamu unaingilia wapi nyuma ya taya, kwa upande wa ndani. Ulijua unavyopita kwenye mfereji wake katikati ya mfupa, chini ya magego, na unatokea mbele kwenye tundu la kidevu ili kuupa mdomo hisia. Kwa nini uwashe taa katika nyumba ambayo kila kigoda chake unakijua? Mashine za zamani za kupiga picha za mifupa zilikuwa zimetupwa stoo na kufunikwa mashuka.

Nikachomwa sindano. Nikasubiri. Mkono ukagonga meza mara mbili.

"Ganzi imekamilika," ukasema.

Nikasema "bado". Kwa kinywa kilicho wazi na chuma ndani, bado inatoka kama kilio cha kondoo, na Mkono haukuwa umefundishwa kondoo. Ukaanza kukata.

Nusu ya taya ilikuwa imelala fofofo. Nusu nyingine ilikuwa macho kabisa, tena imekasirika. Ndipo nilipouma.

King'ora kililia kituo kizima. Shilinde akaja mbio, koti likipepea, akasahau kila kitu. Akasimama mbele yangu, tukatazamana ana kwa ana kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Alikuwa ameota mvi. Sikuwa na habari! Halafu sote wawili tukashtuka, yeye akageukia mlango, mimi nikageukia ukuta, na Mwashi akabaki katikati kama nguzo ya nyavu.

"Mwashi," mlango ukasema, "mwulize mama alihisi wapi."

"Mama, unaulizwa ulihisi wapi."

"Nimesikia, si kiziwi. Mwambie taya letu halilali. Mama yangu alichomwa sindano tatu akang'olewa akiwa macho. Shangazi yangu vilevile. Ni ukoo. Mwambie tunajivunia."

 Kisha nikamsikia mkwe wangu akimwambia mtu wa stoo aondoe mashuka.

*

Picha ikawekwa ukutani. Shilinde akaitazama kwa muda mrefu sana, mgongo wake kwangu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia, na pazia lile lilikuwa na tundu. Sikulitoboa mimi.

"Mwashi, njoo uone," akasema. "Huu hapa mshipa unaingia. Mmoja, kama wa kila mtu. Ukifika hapa unagawanyika, mfereji wa juu na mfereji wa chini. Na mbele, badala ya tundu moja kwenye kidevu, yapo mawili."

"Ndiyo maana ganzi haishiki?"

"Sindano inachomwa mbele ya mgawanyiko, inalaza njia moja, ya pili inabaki macho. Na uvimbe, angalia, umekaa kwenye njia panda. Ramani inajua njia ya chini tu. Hii ya juu, kwa Ramani, ni mfupa mtupu."  "Mkono ungekata katikati yake."

"Ingekuwaje?"

"Mdomo wake wa chini ungekufa upande huu. Ungekuwepo, lakini asingejua kama upo."

Nikaushika mdomo wangu nyuma ya pazia. Sasa nikueleze mdomo huo ni kitu gani. Itumba nzima, harusi haianzi mpaka nipige kigelegele. Wengine wanapiga, sikatai, wana bidii. Lakini wa kwanza ni mimi, na changu kinavuka mto. Ulimi ndio unaocheza, ndiyo, lakini mdomo ndio unaoubeba. Mdomo uliokufa hautoi kigelegele. Unatoa mate. Na Milembe alikuwa akisubiri kigelegele changu tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Alikuwa akinifinya shavu nikipige tena.

"Sasa kwa nini Ramani haijui?" Mwashi akauliza. "Si ulipima nchi nzima?"

 Mkwe wangu akakaa kwenye kigoda cha daktari, yule mtu mrefu, akawa mfupi.

"Nilipofika Itumba na kofia, mama zangu walikuwa wamekaa kwenye mkeka, wamejifunika. Niliwaheshimu. Ningewaambiaje wafungue vinywa? Nikajaza wastani, nikaondoka."

"Itumba tu?"

"Nilidhani Itumba tu." Akajisugua macho. "Lakini vijana wangu, Mwashi, kila mmoja nilimtuma sehemu aliyooa. Niliona ni busara. Apokelewe vizuri, apewe maji, asifukuzwe na mbwa."

Mwashi alikuwa wa kwanza kuelewa, maana akili hiyo kaitoa kwangu. "Kila mmoja aliruka kwa wakwe zake."

"Wamekiri leo, nilipowapigia. Wote."

Nilicheka. Jamani, nilicheka nyuma ya lile pazia mpaka uvimbe ukauma. Nchi nzima imepimwa, mashine inajua mataya ya wavuvi, ya walimu, ya wachimba dhahabu, na haina mama mkwe hata mmoja!

Mwashi hakucheka. Alikuwa ameshika kidevu chake mwenyewe. "Na mimi nina taya hili? Na Milembe?"

"Huenda."

"Uniambie utafanya nini."

"Naweza kumfanyia mama kwa mikono yangu, taratibu, nyuma ya pazia, mtu asijue. Nanyi pia siku mkihitaji. Harusi itamkuta amepona."

"Na Ramani?"

"Ramani nikiigusa, mambo yatakuwa mengine." Akaongea polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Mkono umefundishwa kwamba taya ni moja. Nikiuonyesha hili, hautajua tu kwamba lipo la pili. Utajua kwamba huenda lipo la tatu, na la nne. Utasita kwenye kila kinywa. Utataka picha, utauliza, utasubiri. Foleni inayokwisha adhuhuri itakwenda mpaka magharibi, na wengine watarudi nyumbani na maumivu yao. Na ni lazima niizime mikono yote kwanza, kila mkoa. Watu wanateseka, Mwashi. Mashine hii nimeijenga kwa ajili yao."

"Na ukifa wewe," Mwashi akasema, "nani atamfanyia Milembe nyuma ya pazia?"

 Nami nikatoka kwa mlango wa nyuma, maana mtu hawezi kufikiri vizuri huku anachungulia.

*

Nje, kwenye benchi la kungojea, kulikuwa na foleni ya watu walioshika mashavu. Nikabanana kando ya mrina asali mmoja, Ndaki, mtu wa makamo. Nyuki wa porini hawajawahi kumliza, lakini siku hiyo macho yalikuwa mekundu. Shavu lilikuwa limejaa hadi jicho linafumba.

"Bibi, eti ni wewe uliyeing'ata mashine?"

"Ni mimi."

"Ina ladha gani?"

"Ya spiriti."

"Basi imenuna. Imegoma tangu asubuhi. Jino langu hili limeanza kuniita kwa jina." Akafunga jicho zima, jasho likimtoka. "Wangenifanyia tu haraka. Huu Mkono ni haraka, sikatai. Mama mkwe wangu alimalizwa nikiwa bado nafunga baiskeli."

"Akapona?"

Ndaki akatazama chini. "Jino lilitoka. Mdomo ukafa. Uji unamtiririka pembeni wala hajui mpaka aone kifuani. Zamani alikuwa hali mbele yangu kwa heshima, bibi. Siku hizi hali mbele ya mtu yeyote, kwa aibu."

"Walisemaje hapa?"

"Walisema ni uzee."

Uzee! Mimi uzee nimeishi nao muda mrefu, najua vitu unavyochukua: magoti, majina ya watu, hamu ya kusafiri. Haujawahi kuchukua nusu ya mdomo na kuacha nusu. Mwanamke yule alikatwa njia ambayo haikuandikwa popote, halafu lawama akabebeshwa miaka yake.

"Ndaki," nikamwambia, "wakisema mashine itasimamishwa kwanza ifundishwe vizuri, na ikirudi iende kwa mwendo wa kinyonga, lakini isiue tena mdomo wa mtu, utasemaje?"

"Kusimamishwa lini?"

"Leo."

"Leo nitakutukana, bibi yangu. Samahani, lakini nitakutukana."

"Na kesho?"

"Jino likishatoka ndipo uniulize."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Hakunipa ruhusa wala hakunizuia, na maumivu yake yalikuwa ya kweli, yanapumua hapo ubavuni mwangu. Nikikubali pazia, Ndaki atatibiwa leo na mimi nitapiga kigelegele changu bila wasiwasi. Nikikataa, mtu huyu atalala na jino lake kwa sababu yangu. Nililitazama shavu lile. Kisha nikamfikiria mwanamke anayekula peke yake, mgongo mlangoni.

Nikasimama. Ndaki akasema, "Unaenda kufanya nini?" Nikamwambia aanze kukusanya matusi.

*

Shilinde alikuwa koridoni. Akanisikia nakuja, akageukia ukuta kama kawaida. Nami nikageukia ukuta wa upande wa pili. Mwashi hakuwepo wa kutupitishia maneno. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza nikamsemesha mwenyewe.

"Mbuzi," nikasema.

"Mama?"

"Umekaa na binti yangu mpaka umeota mvi, hujaleta mbuzi wa kinywa. Mlete."

 "Lini, mama?"

"Kesho asubuhi. Lakini si nyumbani. Hapa, mlangoni pa kituo, mbele ya foleni. Utapiga hodi, na utaeleza kwa sauti kwa nini unapiga hodi leo."

"Watauliza habari za Ramani."

"Utawajibu."

"Watanivua cheo, mama."

"Mwanangu hakuolewa na cheo." Nikaurekebisha mkunjo wa khanga. "Nimejivuna miaka yote hii kuwa na mkwe anayekiheshimu kinywa changu. Sasa nataka mkwe anayekijua."

 Mahali fulani bomba lilikuwa linadondosha maji.

"Mbuzi mmoja, mama?"

"Wawili. Na ile mashine ina sauti yako na vidole vyako. Nayo ni mkwe."

*

Wanawake wa Itumba walikuja na doti mpya, wengine wamefungua masanduku ambayo hayajafunguliwa tangu misiba ya zamani. Shilinde alisimama mlangoni pa kituo, kamba mbili mkononi, mbuzi wawili weusi wakijaribu kula koti lake. Hodi ya mashine ilitoka kwenye kipaza sauti, maana Mkono hauwezi kushuka darini.

"Hodi, mama zangu," Shilinde akasema.

"Hodi, mama zangu," spika ikasema, sauti ileile.

Sisi tukanyamaza kwanza. Ndivyo inavyofanywa, humwitikii mkwe mara moja, unamwacha ajue mlango ni wa nani. Na katika kimya hicho akawageukia watu wa foleni akawaambia yote. Kofia, mkeka, wastani aliojaza, vijana aliowatuma. Akasema midomo imekufa na ikaitwa uzee, na haikuwa uzee. Akasema alfajiri ile ameizima mikono yote nchini, isipokuwa huu wa kufundishwa.

Watu walipiga kelele. Mmoja akauliza, "Na mama yangu je?" Mwingine akatupa kandambili. Shilinde hakukimbia wala hakujikinga. Alisimama pale na mbuzi zake, akasema, "Mlete. Nitaanza na yeye." Na Ndaki, nyuma kabisa, shavu limezidi, alinitukana kama alivyoahidi. Alitukana vizuri, kwa mpangilio, bila kurudia neno. Nikayapokea yote.

Kisha nikasema, "Karibu."

Nikaiachia khanga ikaanguka mabegani. Nikamtazama mkwe wangu usoni, nikafungua kinywa, wazi kabisa, mchana kweupe. Akainamisha macho kwa mazoea. Akayainua tena. Akaangalia.

"Mama," akasema, "una meno mazuri."

"Najua."

Khanga zikashuka mkeka mzima. Kofia ikapita kichwa kwa kichwa, na picha zikaonyeshwa ukutani ili wote waone. Ilikuwa kama kufungua nyumba za kijiji kizima. Huyu tundu la kidevu limekaa mbele karibu na chonge. Yule liko nyuma, chini ya gego. Mwingine mfereji umeteremka mpaka unalamba ukingo wa chini wa mfupa. Ungemkata kidogo tu kidevuni, ungeukuta. Mmoja pembe ya taya imenyooka kama kiwiko kilichonyooshwa. Watatu wa ukoo wangu walikuwa na njia mbili, na mwingine, dada wa marehemu mume wangu, mtu mkimya ambaye hakuwahi kujitapa na chochote, alikuwa nazo tatu. Sijamsamehe.

Shilinde alisimama mbele ya ukuta ule mpaka jua likapanda. Hakuna hata moja lililofanana na Taya la Wastani. Taya lile lilikuwa halina mwenyewe.

*

"Nitakufanyia mimi, mama," akaniambia nilipolala tena kwenye kiti. Sasa tulikuwa tunatazamana, na bado tulikuwa tunaona haya.

"Hapana. Wewe utakufa. Yenyewe ifundishwe kwangu."

"Ikikosea?"

"Utakuwepo hapo kuishika."

Alinichoma sindano mara mbili, moja kwa kila njia. Mkono ukageuza taa yake, safari hii kwangu. Ukagonga meza mara mbili. Ukaja mpaka mlangoni mwa kinywa changu, vidole vya korongo vikiwa vimenyooka.

Ukasita.

 Mashine ile haikuwahi kusita tangu itengenezwe. Ikakaa hapo, kimya, kama mtu aliyefika kwenye nyumba aliyodhani anaijua akakuta mti umepandwa uani. Kisha ikasema kitu ambacho hakuna aliyeifundisha. Ilikisikia asubuhi ile kwenye spika, ikakiweka.

"Hodi?"

Chumba kizima kikanitazama mimi.

"Karibu," nikasema.

"Hapa, mama?" ikauliza, ikigusa.

"Bado."

Ikangoja. Ikagusa tena. "Na hapa?"

"Sasa."

Maji ya chai yangechemka mara nyingi. Shilinde alikaa kando, vidole vyake vikijikunja na kujikunjua, bila kuingilia. Uvimbe ukatoka mzima, ukawekwa kwenye kibakuli, na njia zangu mbili zikabaki zimelala pale mfupani, moja juu ya nyingine.

Lakini ganzi ilipokwisha, mdomo haukuamka. Siku hiyo wala iliyofuata. Mshipa ulioguswa huchelewa, Shilinde akasema, wakati mwingine kwa wiki. Na hilo neno "wakati mwingine" alilisema mara mbili. Nikamwambia Mwashi asimwambie Milembe. Kila asubuhi nilikuwa naweka chembe ya chumvi mdomoni na kungoja. Nilikuwa naihisi kwa ulimi tu.

*

Siku ya harusi foleni ya kituo ilikuwa imefika barabarani. Mikono ilikuwa imerudi kazini, mwendo wa konokono, na Shilinde alikuwa amevuliwa cheo kweli, akapewa kazi ya kuzunguka tena na kofia, safari hii na mbuzi garini. Sijawahi kumwona na furaha namna ile.

Ndaki alikuja harusini, shavu limeshuka. Alimleta mama mkwe wake, wakakaa jamvi moja, yeye akimfutia uji pembeni mwa mdomo na mama akimwacha. Mdomo ule hautarudi. Shilinde alimwambia hivyo mwenyewe, amepiga magoti.

"Bibi," Ndaki akaniambia, "mashine yako imezidi adabu. Siku mbili nimekaa foleni, halafu inabisha hodi kwa jino lililooza."

"Ukaijibu nini?"

"Nikajibu karibu. Ningefanyaje?"

Milembe akatoka mlangoni, amepambwa. Wanawake wote wakanyamaza na kunigeukia. Ngoma ikangoja. Nikaulamba mdomo wangu, na pale, upande wa kushoto, nikahisi upepo. Kidogo tu, kama mtu anayebisha kwa kucha.

Nikapiga.

Cha kwanza kilitoka kimepinda. Cha pili kikanyooka. Cha tatu kilivuka mto, na ng'ambo mbwa wakaanza kubweka, Milembe akalia na wanja wake wote, na mama mkwe wa Ndaki, asiyeweza kupiga chake, akainuka akapiga makofi juu ya kichwa changu kana kwamba ndiye aliyenipa sauti.

Baadaye tulikula, mimi na mkwe wangu, sahani moja. Nilikuwa nimechoka, nikapiga mwayo mrefu mbele yake, bila khanga. Shilinde akaweka tonge chini. Akainama, akachungulia, daktari hawezi kujizuia.

"Hodi, mama?"

"Karibu," nikamwambia. "Lakini usiguse kitu."